Zephyr na Linux kwenye prosesa laini isiyo na MMU: mwongozo kwa anayeanza

Maswali ni yaleyale kila muhula. "Nimepakia bitistrimu, LiteX inaamka vizuri, lakini nikituma Zephyr terminali inakuwa kimya." "Linux imegoma kwenye VexRiscv, je, FPGA yangu ni ndogo?" "Lazima ninunue bodi kwanza?" Wanaouliza wengi ni wanafunzi wa uhandisi, wa Juja au wa vyuo vya katikati ya jiji la Nairobi, wanaokimbizana na mradi wa mwaka wa mwisho. Wapo pia mafundi waliozoea chipu za ESP32 ambao sasa wanataka kutengeneza prosesa yao wenyewe. Nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi mno, kwa hiyo nayaandika. Majina yenyewe kwanza: FPGA ni chipu ambayo sakiti zake unazipanga mwenyewe, na bitistrimu ndiyo faili inayozipanga. LiteX ni zana ya kujengea mfumo ndani ya FPGA, VexRiscv ni prosesa ya aina ya RISC-V inayoweza kuwekwa humo, na Zephyr ni mfumo mdogo wa uendeshaji.

Jibu la jumla ni hili: FPGA yako mara chache huwa na kosa. Kinachoharibu kazi ni maunzi na mfumo wa uendeshaji kutokubaliana kuhusu mambo matatu, yaani anwani, ukubwa wa kumbukumbu na kasi ya saa. Ukilishika hilo, nusu ya mwongozo huu hutauhitaji.

Nadharia nitaigusa kidogo tu. MMU ni sehemu ya prosesa inayoipa kila programu ramani yake ya kumbukumbu, na inayoizuia kugusa ya mwenzake. Bila MMU, programu zote zinaishi bedsita moja: hakuna ukuta, na mmoja akimwaga maji wote wanalowa. Prosesa laini, yaani ile iliyoandikwa kwa msimbo kisha ikapangwa ndani ya FPGA, mara nyingi huachwa bila MMU ili iwe ndogo na ya haraka. Huo ni uamuzi wa busara, mradi ujue unabaki na kazi gani mikononi.

Kabla hujaanza

Kompyuta yenye Ubuntu au Debian, ikiwa na RAM ya gigabaiti 8 au zaidi. Windows inaweza kufanya kazi, lakini utapoteza siku nyingi kwa mambo ya USB. Mimi sishauri.

Bando, au Wi-Fi ya chuo. Hapa watu wengi huumia kabla hata ya kuandika mstari mmoja. Vivado, programu ya kujengea bitistrimu inayohitajika kwa bodi za Xilinx kama Arty A7, ni makumi ya gigabaiti. Zana huria za Yosys na nextpnr, zilizofungwa pamoja kwenye OSS CAD Suite, ni mamia ya megabaiti tu. Hiyo peke yake inatosha kunifanya nimwelekeze anayeanza kwenye bodi zenye FPGA ya Lattice ECP5.

Bodi. Kwa hatua mbili za kwanza huihitaji kabisa. Ukifika wakati wa kununua, hizi ndizo ninazozitaja kila mara:

- ULX3S: ECP5, SDRAM ya megabaiti 32. Ndiyo nitakayoitumia kwenye mifano.
- Colorlight i5: ECP5 ya LUT (vijisehemu vya mantiki vya FPGA) elfu 24, SDRAM ya megabaiti 8.
- Tang Nano 20K: LUT 20,736, SDRAM ya megabaiti 8. Yatosha kwa Zephyr, lakini kwa Linux utabanwa.
- Arty A7-35T: DDR3L ya megabaiti 256. Mifano mingi ya Zephyr kwa LiteX imeandikwa na watu waliokuwa nayo mezani, ila inakurudisha kwenye Vivado.

Bodi hizi usizitegemee Luthuli, mtaa wa maduka ya elektroniki Nairobi. Pale utapata nyaya, kebo nzuri za USB na adapta za serial, na uende ukazinunue, kwa sababu kebo ya kuchajia simu isiyopitisha data imewadanganya wengi kwamba bodi imekufa. Bodi yenyewe utaiagiza nje, kwa hiyo weka ushuru na wiki za kusubiri kwenye bajeti ya mradi.

Hatua

1. Weka LiteX. LiteX ndiyo itakayokuunganishia prosesa, kumbukumbu na vifaa vya pembeni. Pakua faili moja, `litex_setup.py`, kutoka hazina ya mradi wenyewe, kisha:

```
./litex_setup.py --init --install --user
pip3 install --user meson ninja
./litex_setup.py --gcc=riscv
sudo apt install libevent-dev libjson-c-dev verilator
```

Python ikilalamika kuhusu mazingira yanayosimamiwa na mfumo, tengeneza `venv` na usiweke `--user`. Usilazimishe kwa `sudo pip`.

2. Iga kwanza bila bodi.

```
litex_sim --cpu-type=vexriscv --cpu-variant=full \
  --integrated-main-ram-size=0x10000
```

Baada ya muda utaona nembo ya LiteX na alama ya `litex>`. Andika `help`, kisha `mem_list`. Hiyo orodha ya maeneo ya kumbukumbu isome kwa makini, maana ndiyo tutakayoirudia hadi mwisho. Ctrl-C inakutoa.

Wapo wanaoiruka hatua hii kwa sababu "si maunzi halisi". Wakikwama baadaye hawajui kama tatizo ni kompaila, LiteX au waya.

3. Jenga prosesa ya bodi yako. Kwa ULX3S yenye chipu ya 85F:

```
python3 -m litex_boards.targets.radiona_ulx3s \
  --device=LFE5U-85F \
  --cpu-type=vexriscv --cpu-variant=full \
  --timer-uptime --csr-json=csr.json --build
```

Angalia maandishi yaliyo juu ya chipu yenyewe kabla ya kuandika `--device`. ULX3S huuzwa zikiwa na 12F, 45F au 85F, na tangazo la muuzaji si ushahidi.

Vipengele vitatu hapo usiviache. `--cpu-variant=full` inakupa rejista kamili za udhibiti, na bado haina MMU (inayokuja na MMU ni ile iitwayo `linux`, na hiyo ni safari nyingine). `--timer-uptime` inaongeza kihesabio ambacho draiva ya saa ya Zephyr hukisoma. Na `--csr-json` inaandika faili yenye kila anwani, kila nambari ya mkatizo (interrupt) na kasi ya saa ya mfumo uliojenga. Asiyeitoa faili hiyo anaanza kubahatisha, na kubahatisha anwani hakuna mwisho.

4. Pakia, kisha ipime kumbukumbu.

```
openFPGALoader -b ulx3s \
  build/radiona_ulx3s/gateware/radiona_ulx3s.bit
litex_term /dev/ttyUSB0
```

Bonyeza Enter. Panda juu kwenye maandishi ya kuamka utafute `Memtest OK`. Kama haipo, simama hapohapo. Usiguse Zephyr. Chipu ya SDRAM iliyobandikwa kwenye bodi yako huenda si ile LiteX inayoidhania; soma jina lake na uliandike kwenye amri ya hatua ya 3 kupitia `--sdram-module`.

Ukipata jibu la "permission denied", jiongeze kwenye kundi la `dialout` kwa `sudo usermod -aG dialout $USER`, kisha utoke na kuingia tena kwenye akaunti.

Jambo jingine: ulichofanya hapo kimeingia kwenye kumbukumbu inayofutika. Stima ikipotea, prosesa yako imepotea nayo, utaipakia upya. Kuiandika kwenye flashi kunawezekana kwa kuongeza `-f`, lakini ngoja hadi mfumo utulie.

5. Weka Zephyr bila kumaliza bando. `west` ni zana ya Zephyr ya kupakua na kujenga. `west update` ya kawaida huvuta maktaba za watengenezaji wote wa chipu duniani, na huna haja nazo. Fanya hivi:

```
python3 -m venv ~/zefa/.venv
source ~/zefa/.venv/bin/activate
pip install west
west init ~/zefa/kazi
cd ~/zefa/kazi
west config manifest.project-filter -- '-hal_.*'
west update --narrow -o=--depth=1
pip install -r zephyr/scripts/requirements.txt
```

Kwa SDK, yaani kifurushi cha kompaila za Zephyr, chagua kifurushi kidogo, si kile kamili. Ukishakifungua, endesha `./setup.sh -t riscv64-zephyr-elf -c`. Jina lina 64 lakini kompaila hiyo hujenga za biti 32 pia, usiogope.

6. Toa ramani ya anwani kutoka kwenye maunzi yako. Hapa ndipo kazi yote ilipo. Soma polepole.

Zephyr ina bodi iitwayo `litex_vexriscv`, na ndani ya faili zake kumeandikwa anwani za mfumo wa mfano: RAM inaanzia 0x40000000 ikiwa na megabaiti 256, na UART, yaani kifaa cha serial kinachotuma maandishi kwenye terminali, iko 0xe0001800. Hiyo ni hali ya bodi aliyokuwa nayo aliyeiandika. LiteX ya sasa kwa kawaida huweka rejista za vifaa kuanzia 0xf0000000, na ULX3S yako ina megabaiti 32. Ukijenga bila kubadilisha kitu, Zephyr itaandika herufi kwenye anwani ambako hakuna UART. Haitalalamika. Prosesa yenye MMU na kerneli iliyokamilika ingekurushia kosa lenye anwani ndani yake. Hii yako itanyamaza tu.

Kwa hiyo tumia faili ya hatua ya 3 kutengeneza overlay, yaani faili inayoweka anwani zako badala ya zile za mfano:

```
litex_json2dts_zephyr --dts overlay.dts \
  --config overlay.config csr.json
```

Sasa ifungue `overlay.dts` kwa macho yako, usiiamini kwa sababu tu imetoka kwenye zana. Linganisha mambo haya na `csr.json`:

- `ram0`: mwanzo 0x40000000, ukubwa 0x2000000 kwa megabaiti 32.
- `uart0`: anwani na nambari ya mkatizo.
- `timer0`: anwani, nambari ya mkatizo, na rejista za `uptime`.
- Kasi ya saa. Kwenye `csr.json` itafute kama `config_clock_frequency`.

Ukubwa wa RAM ndio unaopuuzwa zaidi, kwa kuwa ukikosea hakuna kinachoonekana siku hiyo. Programu ndogo inakaa mwanzoni mwa kumbukumbu, inapita. Wiki tatu baadaye, `malloc` inavuka mpaka wa chipu halisi na unaanza kuilaumu sensa (kihisi).

Kila unapojenga upya maunzi, hata ukiongeza taa moja tu, irudie hatua hii. Kuongeza kifaa kunaweza kusogeza anwani za vingine vyote.

7. Jenga na utume.

```
west build -p -b litex_vexriscv zephyr/samples/hello_world \
  -- -DDTC_OVERLAY_FILE=$PWD/overlay.dts $(cat overlay.config)
litex_term /dev/ttyUSB0 --kernel=build/zephyr/zephyr.bin
```

Kwenye `litex>` andika `reboot`. Utaona asilimia zikipanda, kisha `Liftoff!`, kisha salamu ya Zephyr.

Usishangilie bado. `hello_world` haitumii saa wala mikatizo. Jenga vilevile `zephyr/samples/synchronization`, ambamo nyuzi (threads) mbili hupokezana huku zikilala kati ya zamu. Hiyo ikiendelea kwa dakika kadhaa bila kukwama, basi mfumo wako uko hai.

8. Chunga staki (stack), kumbukumbu ambamo fankisheni huweka data zake za muda. Kwenye kompyuta ya kawaida staki hukua yenyewe. Hapa kila uzi una staki ya ukubwa uliouandika wewe, na ukiivuka unaandika juu ya data ya jirani. Dalili zake hazifanani na chanzo: namba ya joto inabadilika ghafla, au uzi ambao hukuugusa unakufa. Weka haya kwenye `prj.conf` tangu siku ya kwanza:

```
CONFIG_STACK_SENTINEL=y
CONFIG_INIT_STACKS=y
CONFIG_THREAD_STACK_INFO=y
CONFIG_THREAD_NAME=y
CONFIG_THREAD_ANALYZER=y
CONFIG_THREAD_ANALYZER_AUTO=y
```

Ya kwanza huweka alama chini ya kila staki na kuikagua nyuzi zinapobadilishana. Haizuii ajali, inakuambia tu kwamba imetokea. Za mwisho zitakuchapishia kila uzi umetumia kiasi gani. Anza na staki kubwa, tazama matumizi, kisha punguza. Wanaoanza na ndogo "ili kuokoa kumbukumbu" wakiwa na megabaiti 32 huwa siwaelewi.

`CONFIG_HW_STACK_PROTECTION` na `CONFIG_USERSPACE` ziache. Zinadai kinga ya maunzi ambayo VexRiscv hii haina.

Na kama ni lazima iwe Linux

Uliza kwanza: ni lazima? Kama unasoma sensa na kutuma data, Zephyr inatosha na utalala usingizi. Linux bila MMU ina maana ukihitaji programu za Linux zilizokwisha kuandikwa, na una angalau megabaiti 8 za RAM.

Si jambo geni. uClinux, Linux ya prosesa zisizo na MMU, ilianza mwaka 1998 kwenye chipu za Motorola 68000 za aina iliyokuwa ndani ya Palm Pilot, na baadaye kazi hiyo ikaingizwa kwenye kerneli kuu. Kwa RISC-V, uwezo wa kukimbia bila MMU uliingia katika Linux 5.5, kerneli ikikaa moja kwa moja kwenye hali ya juu kabisa ya prosesa, bila OpenSBI (programu ya kati ya maunzi na kerneli) chini yake.

Ila si kila prosesa laini inafaa. Kerneli ya RISC-V inadai maagizo ya atomiki, yaani herufi A kwenye `rv32ima`. VexRiscv ya `full` tuliyojenga ni `rv32im`, kwa hiyo itagoma, na kununua FPGA kubwa zaidi hakutabadilisha kitu. PicoRV32, prosesa laini nyingine, nayo hutumia mpangilio wake wa mikatizo usiofuata kanuni za RISC-V. Ni nzuri kwa kazi ndogo, kwa Linux isahau.

Fanyia mazoezi kwenye QEMU, programu inayoiga kompyuta, kabla ya kugusa bodi. Ndani ya Buildroot, zana ya kujengea mfumo mzima wa Linux:

```
make qemu_riscv32_nommu_virt_defconfig
make source
make
output/images/start-qemu.sh
```

`make source` inapakua kila kitu bila kujenga. Iendeshe ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo, kisha ukajenge nyumbani bila mtandao.

Ukishaingia ndani, sheria zinabadilika hivi:

`fork()` haipo. Kuna `vfork()`, na mzazi husimama hadi mtoto aite `exec` au `_exit`. Mtoto anatumia staki ya mzazi, kwa hiyo asirudi kutoka kwenye fankisheni iliyoita `vfork`, na asiite `exit()` badala ya `_exit()`. Ukiweza, tumia `posix_spawn` uepuke haya yote. Ndiyo sababu shell ya BusyBox hapa ni `hush`; `ash` inategemea `fork`.

Staki ya programu ni ya ukubwa mmoja hadi mwisho. Kwa faili za aina ya bFLT (muundo wa programu za Linux isiyo na MMU), chaguo-msingi ni baiti 4096, ambazo `printf` moja yenye bafa kubwa inaweza kuzimaliza. Ongeza wakati wa kuunganisha kwa `-Wl,-elf2flt=-s16384`, au baadaye kwa `flthdr -s 16384 programu`.

Kumbukumbu lazima iwe kipande kimoja kisichokatika. `free` inaweza kukuonyesha megabaiti 3 ziko wazi na bado `malloc` ya megabaiti 1 ikakataliwa, kwa kuwa zilizo wazi ni vipande vilivyotawanyika. Soma `/proc/buddyinfo`. Dawa ni kuomba vipande vikubwa mapema programu inapoanza, na kuvishikilia hadi mwisho.

Mambo yakigoma

*Hakuna herufi hata moja, hata ya LiteX.* Kebo, kisha jina la `/dev/ttyUSB`, kisha kama bitistrimu ilifutika stima ilipokatika. Kwa mpangilio huo.

*Herufi zinatoka lakini ni takataka.* Kasi ya serial haifanani pande mbili. LiteX kwa kawaida hutumia 115200.

*`Liftoff!` kisha kimya.* Anwani ya UART. Rudi hatua ya 6. Ukiwa na uhakika umeifanya, futa saraka ya `build` na ujenge tena, maana mara nyingi ni overlay ya zamani iliyobaki humo.

*`hello_world` inapita, `synchronization` inachapisha mstari mmoja na kukwama.* Mkatizo wa saa haufiki. Ama nambari ya mkatizo wa `timer0` si sahihi, ama ulisahau `--timer-uptime`.

*Sekunde moja inachukua sekunde mbili.* Zephyr inadhani saa ni MHz 100 na prosesa yako iko kwenye MHz 50, ambayo ndiyo kasi ya kawaida ya LiteX kwa ULX3S. Sahihisha kasi kwenye overlay, si kwa kugawanya muda ndani ya programu yako.

*nextpnr inasema saa haikufikiwa, lakini bodi inawaka.* Itawaka, kisha itakufa mchana chumba kikipata joto. Punguza `--sys-clk-freq` na ujenge upya pamoja na hatua ya 6.

*Kutuma kerneli ya Linux kunachukua milele.* Kwa 115200 unapitisha takriban kilobaiti 11 kwa sekunde, kwa hiyo megabaiti 4 ni dakika sita na zaidi. Jenga maunzi kwa `--uart-baudrate=1000000` na umpe `litex_term` `--speed=1000000`.

*Linux inaamka, kisha inasema haikupata init.* Init ni programu ya kwanza ambayo kerneli huiendesha. Mara nyingi programu zako zilijengwa na kompaila ya Linux ya kawaida, yenye MMU. Kwa `file` na `flthdr -p` utaona kama ni bFLT au la. Kompaila sahihi iko ndani ya `output/host/bin` ya Buildroot. Tumia hiyo, si ile ya `apt`.